Mtu Aliyetaka Namba ya Kesi

Kaka alikamatwa Jumanne baada ya alasiri, na mpaka inaadhiniwa magharibi mtaa wote ulikuwa unajua isipokuwa sisi. Jambo hili nimelifikiria sana. Bi wa chini, ambaye mlango wake uko mwanzo wa ngazi zetu, aliniona narudi kutoka masomo ya ziada, akaniambia, "Pole, mwanangu," kisha akaingia ndani. Nilipanda ngazi najiuliza pole ya nini. Nilifikiri labda kaniona nimechoka.

Kaka ni fundi simu. Ana kibanda cha kioo karibu na soko, kidogo kiasi kwamba yeye akikaa, mteja husimama nje. Walikuja askari wawili wasio na sare, wakamwambia avute saraka ya meza yake, wakatoa simu iliyopasuka kioo. Wakaangalia namba zake za ndani, wakazilinganisha na karatasi waliyokuwa nayo. Simu ilikuwa ya mgeni mmoja aliyeibiwa hotelini wiki moja nyuma. Kaka akasema kauziwa na mtu. Mtu gani? Jina hamjui. Wakamwambia afunge kibanda.

Hapa naandika peke yangu, kwa hiyo nitasema kweli. Mama alipotueleza, yaani mimi na ukuta, maana wengine hatuna, suali la kwanza lililonijia halikuwa "atatoka lini". Lilikuwa "alijua?" Nilimshuku ndugu yangu kabla sijamlilia.

Tuko watatu tu. Mama anapiga pasi mashuka katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, Kaka ana kibanda, na mimi niko kidato cha tatu. Baba alikufa nikiwa darasa la pili. Tunakaa ghorofa ya pili ya nyumba kongwe iliyokatwakatwa vyumba, na kila kitu chetu kinapandishwa kwa kikapu na kamba kutoka dirishani: mkate, samaki, hata dawa ya Kaka. Kaka ana pumu. Ana kile kichupa cha kuvuta mdomoni, na siku ile alipoondoka kilikuwa kinakaribia kwisha. Mama aliogopa hilo zaidi kuliko kesi. Alikuwa akisema, "Kesi itasubiri. Kifua hakisubiri."

Skuli wananijua kwa kutosema. Mwalimu akiniuliza, jibu nnalijua lakini linakwama, na mpaka litoke mwenzangu keshajibu. Nasema haya kwa sababu yana kazi yake mbele.

Jumatano asubuhi tulikwenda kituoni mimi na Mama. Tulimpelekea chai, mkate na kichupa kipya. Askari wa kaunta alipokea, akatuambia tusubiri, mpelelezi hajafika. Tukatoka nje tukasimama ukutani kwenye kivuli. Hapo ndipo alipotujia mtu mmoja mwenye shati lililopigwa pasi vizuri mno na faili kwapani. Si askari, si wakili. Alimwita Mama "mamangu" kabla hata ya salamu.

"Mamangu, kijana wako wa simu, sio? Nishamuona ndani. Anakohoa."

Mama akashika kifua chake mwenyewe. "Anakohoa?"

"Anakohoa sana. Lakini dhamana ya hapa hapa polisi naiweza. Leo leo analala nyumbani. Nipe nakala ya kitambulisho chako na kitu kidogo cha kuwalainisha watu, elfu hamsini tu."

Mimi nilikuwa natazama nyuma ya kichwa chake. Pale ukutani, juu kidogo ya bega lake, palibandikwa karatasi iliyofifia kwa jua: DHAMANA NI HAKI YAKO. DHAMANA HAILIPIWI. Niliisoma mara mbili. Nilimtazama Mama anafungua fundo la kanga. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: Mama, soma pale. Hayakutoka. Niliona haya kumsuta mtu mzima mbele ya watu, na yeye alikuwa akinitabasamia.

Akazichukua pesa na nakala, akaingia kwa mlango wa mbele, na sisi hatukumuona tena. Baada ya saa mbili Mama akamuuliza askari wa kaunta, na yule askari akacheka kwa uchovu. "Bi, huyo kishoka. Anaingia huku, anatokea kule nyuma. Mara ngapi tunamfukuza? Hamkuisoma karatasi?"

Mama akageuka akaisoma. Kisha akanitazama mimi. Mimi ndiye msomaji wa nyumba, barua zote za umeme nnazisoma mimi. Hakuuliza kitu. Njia nzima hakuuliza, na mimi sikusema kwamba niliiona.

Usiku ule akaniwekea sharti: karatasi zote za Kaka zitakaa kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro, na asipewe mtu nakala, wala namba, wala jina, hata angekuja na msahafu mkononi.

Alhamisi wakampeleka mahakamani. Mama alikwenda peke yake, mimi nilikuwa na mtihani. Alivyorudi uso umemsawijika. Alikaa kwenye ngazi za nje na viatu mkononi akasema, "Milioni moja. Wanataka milioni moja."

Bi wa chini akatoka na bilauri ya maji. Ni mwanamke wa kusini, Makunduchi, amekaa mjini miaka mingi lakini sauti yake bado inabeba mashamba. "Milioni ya nini? Hebu toa karatasi."

Karatasi ikatolewa. Nikaisoma mimi, kwa sauti, polepole. Hakimu ameruhusu dhamana. Mshitakiwa awe na wadhamini wawili, wakaazi wa Zanzibar. Kila mmoja alete barua ya sheha wake na nakala ya kitambulisho cha Mzanzibari, na mmoja wao awe mtumishi wa serikali. Kila mmoja atie saini bondi ya shilingi milioni moja.

"Kutia saini," Bi wa chini akasema. "Si kutoa. Unaandika kwamba mtoto akikimbia, utalipa. Asipokimbia, hulipi hata thumni. Mume wangu kamdhamini mpwa wake mara tatu, na yule mpwa mwizi kweli!"

"Mwanangu si mwizi," Mama akasema.

"Nimesema wako?"

Wadhamini wasipopatikana, mtuhumiwa hukaa rumande, huko chuo cha mafunzo, ndivyo kwetu tunavyoita jela. Alhamisi ile Kaka alishapelekwa huko. Mdhamini wa kwanza alikuwa Mama mwenyewe. Barua ya sheha wetu, kiongozi wa mtaa, aliipata jioni ile ile, sheha kaiandika amesimama. Wa pili tulikuwa naye, hivyo tulidhani: Mjomba, kaka yake Mama, ana kazi ya serikali, ana kitambulisho cha kazi chenye kamba ya buluu anachokivaa hata sokoni. Mama akampigia. Mjomba akasema ndiyo, dada, bila shaka, kesho. Nyuma yake nilisikia sauti ya mkewe ikiuliza, "Kesho nini?"

Ijumaa karani wa mahakama anafunga mapema kwa ajili ya sala. Ikifika saa tano na nusu bila mdhamini wa pili, basi ni mpaka Jumatatu. Mama alitoka saa moja kwenda kumkamata Mjomba ofisini kwake. Mimi aliniacha nyumbani, niache skuli siku moja, kwa sababu simu iliyobaki ni moja na kaichukua yeye. Akaniagiza: "Mjomba akipita hapa, mwambie anifuate mahakamani. Akija mwengine yeyote, mimi sipo na wewe hujui kitu."

Saa tatu kasoro nikasikia hodi. Sauti ya mwanamme, si ya Mjomba.

Nilikwenda dirishani nikajifunika ushungi vizuri. Chini kwenye uchochoro alisimama mtu wa makamo, kanzu nyeupe ya Ijumaa, kofia, bahasha ya kaki mkononi. Uso wake sikuuona sawasawa, alikuwa akikinga jua kwa ile bahasha.

"Nani mwenzangu?" nikauliza.

"Asalamu alaykum. Mama yupo?"

"Kaenda hapo tu. Anarudi sasa hivi." Msichana hasemi yuko peke yake.

"Wewe ndo mdogo wake huyu kijana aliyekamatwa?"

Kajuaje? Yule wa Jumatano alijua pia. Alijua mpaka kikohozi.

"Nnatoka Makunduchi," akasema. "Mimi ni katika watu wa baba yenu. Kuna mtu katoka kituoni juzi, kaniletea salamu za kaka yako, kwamba anataka mdhamini. Mimi mtumishi wa serikali, nasomesha. Sheha wangu kaniandikia barua, lakini kaacha nafasi ya jina kamili na namba ya kesi. Na sijui kapelekwa mahakama ipi. Nipe hayo, nende."

Yaani alitaka yale yale. Jina, namba, karatasi. Kila alichokisema kilikuwa kimekaa vizuri mno, na mimi tangu Jumatano vitu vilivyokaa vizuri vilikuwa vinanitia wasiwasi. Watu wa baba! Watu wa baba hatujawaona tangu hitima ya Baba. Baba alikuwa na mke mwengine shamba, huyo ndiye mkubwa, na nyumba zile mbili hazikuwahi kukaa mkeka mmoja isipokuwa siku ile moja, na hata siku ile walikaa pande mbili za ukumbi. Nilikuwa mdogo. Nakumbuka miguu tu, miguu mingi.

Nikapata akili, au niliiona ni akili. Nikamuuliza, "Kaka nyumbani tunamwitaje?"

Kaka ana jina la cheti na ana jina la nyumbani, la utani, alilopewa na Mama kwa jinsi alivyokuwa mnene. Mtaa wote unalijua. Mtu asiyelijua si wa kwetu.

Yule mtu akateremsha bahasha. Akafikiri. Kisha akataja jina ambalo sijawahi kulisikia ndani ya nyumba yetu hata siku moja.

"Sisi tukimwita hivyo," akasema.

Moyo wangu ukapiga, lakini kwa furaha. Nimemnasa! Nilijiona kama askari mpelelezi.

"Si hilo," nikasema.

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepigwa na jua. "Mwanangu, barua hii hapa. Niteremshie kikapu, nikutilie, uisome mwenyewe. Mhuri wa sheha utauona."

Kikapu kilikuwa kimening'inia nusu ya ukuta, tangu mkate wa asubuhi. Nikakitazama. Nilifikiri: akitia kitu yeye, nitadaiwa na mimi nitie kitu. Au ataivuta kamba. Sijui nilifikiri nini. Nikaanza kukipandisha, mbele ya macho yake, mkono baada ya mkono, mpaka kikagonga kizingiti.

Hakucheka tena. "Basi nambie mahakama tu. Mahakama si siri, mwanangu."

Nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi nnayoiweza kuliko zote. Alisubiri. Nilimuona akipangusa uso. Mwisho nikavuta bawa la dirisha, na viatu vyake vikaanza kuondoka, si upesi, vikisimama mara moja, halafu vikaendelea.

Niandike tu: nilifurahi. Wiki nzima ile sikuwahi kufurahi isipokuwa dakika ile.

Mama alirudi baada ya sala, peke yake. Mjomba kasafiri Pemba kikazi, ghafla, asubuhi ile ile. "Kazi gani ya Pemba inayoanza Ijumaa?" Mama akasema. "Ni yule mwanamke. Kamficha mume wake kama kitoweo." Nikamwambia, ili kumpa moyo, kwamba alikuja kishoka mwengine kutaka karatasi na sikumpa. Akanishika shavu. "Umefanya vizuri." Habari ya Makunduchi sikuitaja. Nikitaja Makunduchi, Mama hubadilika, hukaza midomo mpaka jioni. Sikutaka kumharibia zaidi.

Jumamosi Mama aliruhusiwa kumuona Kaka kwa dakika chache. Alirudi mwenye hofu mpya.

"Kifua?" nikauliza.

"Kifua kinapiga filimbi. Lakini kaniuliza kitu. Kaniuliza, 'Kaja?' Nikamwambia Mjomba hajaja. Akasema, 'Simuulizi Mjomba.' Nikamuuliza nani basi, akamwangalia yule askari, akanyamaza. Wakati ukaisha." Mama akavua ushungi, akaukunja, akaukunjua. "Kaka yako ananificha kitu. Nani anamsubiri? Mwenzake wa simu? Ndo aliyemletea?"

Nilikuwa nnakaribia kujua na sikutaka.

Alasiri tulikuwa tumekaa barazani kutafuta upepo, na Bi wa chini akatoka na ungo wake wa mchele.

"Haya, na mgeni wenu wa jana mlimfanya nini? Mtu kavaa kanzu yake, kaja na bahasha yake, mnamrudisha kama muuza dagaa waliooza!"

"Mgeni gani?" Mama akasema.

"Yule wa shamba. Mimi niko ndani, nachungulia, nikashika ukuta. Wallahi nilidhani marehemu mumeo karudi. Mwendo ule ule, bega moja chini. Nikasema, leo Ijumaa, wafu wanatembea. Mpaka nimevaa buibui nitoke nimsalimie, keshapita kona."

Mama aligeuka polepole. Nilijibu kabla hajauliza. Nilieleza yote, Makunduchi, mwalimu, barua yenye nafasi, na lile jina. Nilipolitaja lile jina Mama akafumba macho.

"Baba yako alikuwa akimwita hivyo," akasema. "Huko. Kwake yule. Hapa hakuthubutu, nilishampa mwanangu jina nililolichagua mimi." Akafumbua macho. "Huyo ni mtoto mkubwa wa mke mwenzangu. Ndugu yenu."

Nilisubiri anipige. Ningependa anipige. Badala yake akaangalia ungo wa mchele, akasema kwa sauti ya chini ambayo bado inanishangaza: "Anataka nini?"

"Kataka kumdhamini mtoto," Bi wa chini akasema.

"Miaka yote hii hawajaja kutuuliza tumekula nini. Leo anaacha darasa lake, anapanda gari, anakuja kumwekea mwanangu milioni? Lile shamba la minazi la marehemu halijagawiwa mpaka leo. Akimtolea mwanangu saini Jumatatu, Jumanne atakuja na karatasi yake, nitie saini na mimi. Hapana. Tutamngoja Mjomba."

"Mjomba yuko Pemba," nikasema.

"Atarudi."

Alipanda juu. Bi wa chini akaendelea kupepeta, akiniangalia kwa jicho moja.

Usiku nilisikia pumzi ya Mama na nilikuwa nasikia pia, ingawa haikuwepo, ile filimbi ya kifua. Nilipanga sentensi. Mimi hupanga sentensi kabla ya kusema, huzisema kichwani mara kumi. Jumapili, Mama aliposimama kusali adhuhuri, nikavuta mfuko chini ya godoro, nikachukua karatasi, nikashuka ngazi bila viatu.

"Bi, una namba ya mtu yeyote wa Makunduchi anayemjua yule mgeni?"

"Nilikuwa najiuliza utachukua siku ngapi," akasema. Alipiga kwa mtu mmoja, akapiga kwa mwengine, akacheka nao, akauliza habari za ng'ombe, mimi nimesimama na karatasi mkononi. Kisha akanipa simu mkononi, tayari inaita.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi... wa dirishani."

"Aha. Mwenye kikapu."

"Naam."

Nikamsomea: jina kamili kama lilivyo kwenye hati, mahakama, namba ya kesi. Alirudia kila tarakimu, kama mwalimu anayesomea darasa imla. Nilidhani basi, yamekwisha, nikataka kumshukuru nikate. Akasema:

"Ngoja. Mama yako anajua unanipigia?"

"Hajui."

"Basi mwambie. Sitaki kuja kufukuzwa mbele ya hakimu. Nilishafukuzwa mara moja wiki hii." Hakuwa anatania. "Na mimi nina suali. Yule aliyetoka kituoni kanambia kaka yako hana kosa. Kila anayetoka kituoni husema hivyo. Mimi kaka yako simjui. Nilimuona mara ya mwisho siku ya hitima, bado mtoto wa skuli. Nina watoto wanne na mshahara mmoja. Nikitia saini na yeye akapanda boti, nitalipa mpaka wadogo wamalize skuli. Wewe unakaa naye. Atakaa?"

Bi wa chini aliacha kupepeta. Mimi sikuwa nimepanga sentensi ya suali hili. Nilimshuku Kaka kuliko yeye alivyomshuku. Nilikuwa na wiki nzima ya kumshuku. Yule mtu aliyeuza simu asiye na jina, ile simu iliyopasuka kioo, vyote vilikuwa kichwani mwangu kwa mstari.

"Atakaa," nikasema.

"Unasema hivyo kwa kuwa unajua, au kwa kuwa unataka atoke?"

"Nataka atoke," nikasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa hajakata, nikaongeza, "Na mimi nitamkalisha."

Alipumua puani. "Kesho saa mbili nitakuwepo. Mwambie mama yako."

Nilimwambia Mama akiwa bado kwenye mswala, tasbihi mkononi, ili asiweze kunifokea sana. Alifoka kidogo. Alisema nimemuuza. Halafu akaniuliza sauti yake ikoje, yule kijana. Nikasema kama ya mtu anayeogopa kulipa. Hilo, sijui kwa nini, lilimtuliza. "Angekuwa na hila asingeogopa," akasema, na akaenda kupiga pasi buibui lake.

Jumatatu alikuwepo kabla yetu, kwenye benchi, bahasha juu ya magoti, bega moja chini. Mama alimsalimia kama mtu anavyomsalimia daktari. Yeye alisimama, akamwamkia "Shikamoo, mama," na Mama akaitikia baada ya muda. Karani alichukua barua mbili za masheha, akazilaza upande kwa upande, ya mjini na ya shamba, akalinganisha vitambulisho na nyuso. Akawauliza mmoja mmoja kama wanafahamu kwamba mshitakiwa asipohudhuria watalipa wao. Mama akasema nafahamu. Yule ndugu yetu akasema nafahamu, na akanitazama mimi niliyesimama mlangoni. Alitia saini polepole. Nilihesabu mhuri: mara nne.

Kaka alitoka mchana. Amekonda usoni, kifua kinapiga filimbi ile ile aliyoisema Mama. Masharti aliyasomewa tena: kila Ijumaa aripoti kituoni, na asitoke Unguja bila ruhusa ya mahakama mpaka kesi iishe. Akampa ndugu yake mkono, mikono miwili, wakasimama hivyo. Ndugu yetu akasema gari ya Makunduchi inaondoka, akaondoka. Kwangu alisema kitu kimoja tu akipita: "Mara nyengine teremsha kikapu."

Siku tatu Kaka alilala na kula. Siku ya nne, tukiwa wawili jikoni, akaniambia anataka kuvuka Dar siku mbili tu. Yuko mtu huko anaweza kumjua yule aliyemuuzia simu.

"Huwezi," nikasema.

"Siku mbili. Nani atajua?"

"Nimemwambia utakaa."

"Umemwambia nani?"

"Yeye. Kaniuliza kwenye simu kabla hajaja. Nikasema nitakukalisha."

Kaka aliacha kukata kitunguu. Nadhani hakujua kwamba mtu aliulizwa. Ikawa ni saa yangu, nikauliza bila kupanga: "Ulijua kama ile simu ya wizi?"

Akaweka kisu chini. "Niliona bei aliyotaka," akasema. "Ilikuwa rahisi mno. Nikaona, nikiuliza atakwenda kwa fundi mwengine. Sikuuliza."

Hilo halikuwa ndiyo wala hapana, na kesi bado inasubiri hakimu aseme ni lipi. Kaka akafuta mikono, akatoa pochi, akatoa kitambulisho chake. Bandarini huuziwi tiketi ya boti bila kitambulisho. Akakiweka juu ya meza, upande wangu.

"Kaa nacho wewe."

Nimekitia katikati ya daftari hili. Kila Ijumaa asubuhi nampa aende nacho kituoni, na akirudi ananirudishia, bila kunitazama. Nakiangalia kama ni chenyewe, halafu nakirudisha mahala pake.